Mita 300 Juu ya Ng'ombe

Ng'ombe wa Emmental wameshazoea. Risasi zinatoka kwenye kibanda cha mbao upande huu wa bonde, zinapita juu ya malisho na kuzama kwenye ukingo wa upande wa pili, mita 300, na wao huko chini wanaendelea kula majani, kengele zikigonga shingoni. Aliyekuwa akishtuka ni mimi. Kila mlio ulinipandisha mabega, mpaka mzee mmoja tuliyekaa naye benchi moja akanisogezea kopo la vizibo vya masikio, bila neno, kisha akarudi kwenye kahawa yake.

Nilikuwa nimekwenda Uswisi kumtembelea mdogo wangu aliyeolewa huko, ambaye kila akipiga simu ilikuwa ni "kaka, unakuja lini?" Anaishi na mumewe na watoto katika kijiji kimoja cha jimbo la Bern, ndani kabisa ya vilima. Mtu wa Lushoto hapati taabu kupazoea. Kila bonde lina kijito chake, asubuhi ukungu umelala chini na mapaa ya nyumba yamejitokeza juu yake. Wajerumani walioifanya Lushoto kituo chao na kuiita Wilhelmsthal bila shaka waliona walichokiacha kwao, na pale Irente hadi leo shamba la kanisa linatengeneza jibini na mkate mweusi. Lakini kwetu mteremko unalimwa. Mahindi, maharage, kabichi, karoti, hadi mahali ambapo mbuzi mwenyewe angesita kupanda. Kwao ni majani matupu, yamekatwa yakanyooka. Nyumba za zamani ni za mbao, paa limeshuka hadi kukaribia ardhi, na chini ya paa hilo moja wamo watu, ng'ombe na nyasi kavu za kuwavusha wakati wa baridi.

Nilikwenda kwa ajili ya mazungumzo ya familia na jibini. Bunduki sikuzitarajia. Lakini jioni niliyofika, mpwa wangu, binti wa miaka 16, aliingia na baiskeli yake, akanipa shikamoo yenye lafudhi ya Kibern, kisha badala ya kunikumbatia akapita moja kwa moja kwenye sinki kunawa mikono. Alinawa kwa sabuni, akasuuza, akanawa tena.

"Samahani mjomba, ni vumbi la risasi. Tumefundishwa kunawa kwanza."

Nikamtazama mama yake. Mama yake akainua mabega: ndiyo mambo ya huku.

Mambo ya huku ni hivi. Mwanajeshi wa Uswisi si mtu anayeishi kambini mwaka mzima. Anafanya mafunzo, anarudi nyumbani na kazini kwake, anaitwa tena kwa wiki kadhaa, na bunduki yake huenda nayo nyumbani. Kwa sababu hiyo sheria inawataka wengi wao kila mwaka, kufikia tarehe 31 Agosti, waende kwenye klabu ya shabaha ya eneo lao wakapige risasi 20. Pointi za juu kabisa ni 85, na za kufaulu ni 42, bila kukosa shabaha zaidi ya mara tatu. Asiyefikisha anaitwa kwenye kozi ya kurudia, aibu ambayo shemeji yangu aliieleza kwa namna ya mtu anayeijua kwa jirani tu, na mkewe akakohoa.

Klabu si za jeshi. Ni za kijiji, zina mwenyekiti, mweka hazina na ugomvi wa ada, na nyingi ni za zamani sana. Shirikisho lao la taifa liliundwa mjini Aarau mwaka 1824, kabla Seyyid Said hajahamishia makao yake Unguja. Ni klabu hizo zinazoendesha pia kozi ya vijana, wavulana kwa wasichana, kuanzia miaka 15 hadi 20. Bunduki wanaazimwa na jeshi. Ya mpwa wangu, kama alivyonisahihisha haraka nilipoiita yake, hubaki klabuni imefungiwa.

Nilimuuliza siku yake ya kwanza alipiga risasi ngapi. Akacheka. Hakupiga hata moja. Jioni nzima walikaa mezani wakijifunza kanuni: kila bunduki ihesabiwe ina risasi hadi umehakikisha kwa macho yako, mtutu usielekee kitu usichotaka kukipiga, kidole kikae nje ya triga hadi umeshalenga, na ujue kilichopo kwenye shabaha na nyuma yake. Kanuni hizi nne zimezunguka dunia. Aliyezipa umaarufu ni Jeff Cooper, mwanajeshi wa majini wa Marekani aliyestaafu, ambaye mwaka 1976 alifungua shule ya bastola katika jangwa la Arizona kwa imani kwamba raia anaweza kufundishwa silaha kama anavyofundishwa kuendesha gari. Mpwa wangu hajawahi kulisikia jina lake. Lakini kanuni alizitamka moja baada ya nyingine, huku akimenya viazi.

Mgeni haingii tu Uswisi na kupewa bunduki ya jeshi. Kuna vibali vyake. Bunduki ya upepo ni jambo jingine, kwa hiyo jioni moja nikashushwa kwenye ghorofa ya chini ya jengo la klabu, kwenye chumba kirefu chembamba chenye harufu ya mafuta na soksi. Ukutani palikuwa na picha za Nina Christen, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, na Chiara Leone, aliyechukua ya Paris 2024, wote kwa bunduki ya mita 50 inayopigwa kwa kupiga magoti, kulala na kusimama. Wasichana wawili mfululizo, binti akanikumbusha, kana kwamba mimi ndiye niliyebisha.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Shabaha ya bunduki ya upepo iko mita 10 tu, ungeweza kuitemea mate. Lakini sehemu ya pointi 10 pale katikati ni nukta ya nusu milimita. Nilipoitazama karatasi kwa karibu nilidhani ni doa la uchapaji.

Hakunipa kirisasi. Alinisimamisha ubavu kwa shabaha, akanisukuma nyonga kidogo, akaninyanyua kiwiko, akaniegemeza bunduki hadi uzito wake ukawa umekaa kwenye mifupa na si kwenye misuli. Misuli huchoka, alisema, na mpwa wangu akawa mkalimani, mfupa hauchoki. Kisha akaniamuru nilenge, nifumbe macho, nivute pumzi mara kadhaa, nifumbue. Nilipofumbua, mtutu ulikuwa unatazama pembeni mwa shabaha, upande wa kulia. Nikataka kuurudisha kwa mikono. Hapana. Ukiurudisha kwa mikono utakuwa unapigana nao, na mlio ukitoka utarudi kulekule unakotaka mwili wako. Unahamisha mguu. Nikahamisha mguu wa nyuma kwa upana wa kidole, nikafumba, nikafumbua, na shabaha ikawa imekaa mbele yangu yenyewe.

Ndipo akatoa sarafu ya rapeni 5, ile ndogo ya rangi ya dhahabu, akailaza juu ya mtutu. Kazi yangu ilikuwa kuvuta triga ya bunduki isiyo na kitu bila sarafu kuanguka. Triga ina hatua mbili: ya kwanza inakuja laini, halafu inafika mahali inagoma, na hapo ndipo unapoanza kukaza polepole bila kujua ni lini itaachia. Ukijua ni lini, ushaharibu, maana mwili utajiandaa kwa mshtuko kabla mshtuko haujaja. Sarafu ikaanguka. Mpwa wangu akaiokota. Ikaanguka tena. Akaiokota bila kulalamika. Nadhani alikuwa akifurahia. Na hata ulipokuja mvuto ambao haukuiangusha, mama yule hakunisifu. Aliniambia nisiachie triga, nibaki nimeishikilia na kutazama kwenye kilengeo nihesabu moja, mbili, halafu niseme kama risasi ingekuwepo ingekwenda wapi. Juu? Chini? Kushoto? Mlengaji asiyejua risasi yake imekwenda wapi kabla ya kutazama karatasi hajalenga, amebahatisha.

Mpwa wangu analo daftari dogo la jalada la bluu. Kila jioni ya mazoezi anaandika kwa penseli: upepo, mwanga, pumzi, alichodhani kuhusu kila risasi na kilichotokea kweli. Niliomba kulisoma. Kurasa nzima za Kijerumani nisichokielewa, na katikati, kwa Kiswahili cha mama yake, neno moja limepigiwa mstari: "haraka".

Mimi mwenyewe si kwamba nilikuwa sijawahi kushika bunduki. Nilipita JKT baada ya kidato cha sita, enzi zile za lazima, kabla utaratibu haujasitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013. Tulikimbia na bunduki, tuliimba chenja nazo begani, tulizifungua na kuzifunga gizani kwa kupapasa. Kuzitunza tulijua kuliko tulivyojua kutunza nguo zetu. Siku ya kulenga shabaha ilikuwa siku moja kubwa, risasi za kuhesabu, kwa sababu nchi ilikuwa ndiyo kwanza inajikongoja kutoka vita vya Kagera na hakuna aliyekuwa na risasi za kuchezea. Nilipiga, masikio yakaziba, nikainuka. Wenzangu wengi wa rika langu hadithi yao ni hiyohiyo: wanajua uzito wa bunduki, harufu yake, namna ya kuitolea heshima. Kulenga hawajui, na hapakuwa na sababu ya kujua. Ujuzi wa aina ile unaoza usipofanyiwa kazi, na kwetu hakuna aliyetaka raia waufanyie kazi.

Aliyejua kulenga nyumbani kwetu alikuwa babu. Alikuwa na gobore la kibali, la kupakia baruti mdomoni, na kazi yake ilikuwa nguruwe pori na nyani waliokuwa wakishuka kutoka msituni mahindi yakianza kukomaa. Usiku alikaa kwenye dungu na blanketi lake, na mjukuu aliyebahatika alikaa naye kwa sharti la kutokohoa. Ninachokumbuka zaidi ni saa nyingi ambazo hakupiga. Nguruwe wangeingia, ungewasikia wakivunja mabua, na babu angenyamaza. Gobore lina nafasi moja. Ukikosa, hadi upakie tena shamba limekwisha. Kwa hiyo alingoja mpaka mnyama ageuke ubavu, atulie, mwezi umulike. Mara nyingi mambo hayo matatu hayakukutana na tulirudi nyumbani alfajiri baruti ikiwa palepale. Wala hakuona kuwa amepoteza usiku wake. Siku mama wa miwani aliponikataza kuvuta triga kwa sababu pumzi yangu haijatulia, akaniambia nishushe bunduki, nipumzike, nianze upya, kwamba kushusha si kushindwa, nilimsikia babu kwa Kijerumani.

Sherehe kubwa inaitwa Feldschiessen, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na hufanyika nchi nzima kwa mwisho wa wiki mmoja. Kushiriki ni bure, risasi hutolewa, na watu zaidi ya laki moja hujitokeza kila mwaka. Wenyewe huiita sherehe kubwa kuliko zote duniani za kulenga shabaha. Hakuna zawadi ya fedha. Kuna beji ndogo ya chuma kwa atakayefikisha pointi zilizowekwa. Wazee wa Emmental huzibandika kwenye vitambaa vya ukutani, mwaka hadi mwaka, na mwaka uliokosekana una maelezo yake: mguu ulivunjika, ng'ombe alikuwa anazaa, mke alikuwa anazaa.

Tulifika kibandani asubuhi. Jambo la kwanza lililonipendeza halikuwa bunduki, lilikuwa salamu. Kila anayeingia anazunguka kibanda kizima kumpa mkono kila mtu, jina kwa jina, hata yule ambaye ada ya mwaka jana bado wanadaiana. Waswisi wa mjini nilikuwa nimewaona wakikwepana macho kwenye treni. Hawa wangeweza kuishi Mlalo, kwetu Lushoto.

Bunduki huingia kibandani bila magazini, bolti imevutwa nyuma, chemba wazi, mtutu juu. Mtu anaichungulia kabla haijalazwa kwenye mkeka. Risasi unapewa pale, kumi na nane, na zinazobaki hurudishwa. Hata maganda yanakusanywa kwenye ndoo. Kisha amri zinatoka kwa mpangilio. Risasi sita moja moja. Halafu tatu ndani ya sekunde 60, tatu nyingine ndani ya sekunde 60, na mwisho sita ndani ya sekunde 60. Shabaha ni ya pointi 4, kwa hiyo mtu mkamilifu anapata 72. Sekunde 60 kwa risasi tatu ni muda mrefu ukiwa umekaa benchi unakunywa kahawa. Nilimtazama kijana mmoja mwenye misuli, fulana ya timu ya mpira wa magongo, akizimaliza zake upesi upesi kisha akabaki amelala, hana la kufanya na muda uliobaki, akitazama kwenye kioo cha kompyuta kilichoko kando yake jinsi alivyozitawanya.

Kando yake alilala mzee wa benchi langu. Kulala kwenyewe kulimchukua muda: goti moja, mkono, goti la pili, mtu akamshika mkanda. Bunduki yake ilikuwa ya zamani, ya mbao, ile ya mwaka 1931 ya kuvuta bolti kwa mkono kila risasi. Akapiga moja. Akavuta, akapumua, akapiga ya pili. Saa ilipoitwa alikuwa ndiyo anamaliza, na kioo chake kilikuwa na nukta zilizosongamana mahali pamoja.

Baadaye aliniambia, kupitia kwa shemeji, kwamba hivyo vioo havipendi. Alipokuwa mtoto walengaji walihitaji watu wa kukaa ndani ya handaki chini ya shabaha, kuishusha, kuziba tundu kwa karatasi na kuonyesha kwa fimbo ndefu yenye kibao risasi ilipopita. Watoto wa kijiji ndio waliofanya kazi hiyo na kulipwa vijisenti. Risasi ilipokosa shabaha kabisa, kibao kilipepewa huku na huku ili bonde zima lione. Siku hizi vinasa sauti vinasikia risasi ikipita na kompyuta inachora nukta. Ni sahihi zaidi, alikubali. Lakini aliyekosa anakosa peke yake, na hilo aliliona kuwa hasara.

Mabadiliko mengine yamekuja kwa barua. Waliohama kutoka mjini na kujenga bondeni hawapendi kelele, kwa hiyo saa za kupiga zimepunguzwa na saa ya chakula cha mchana ni kimya. Udongo wa kingo zilizopigwa risasi vizazi na vizazi umejaa sumu, inabidi uchimbwe na kusafishwa kwa gharama kubwa, na mahali pake yawekwe masanduku maalumu ya kunasia risasi. Vilabu vidogo vinaungana au vinafungwa. Vijana wana simu. Kozi ya mpwa wangu ina watoto wachache kuliko vidole vya mikono, na mama wa miwani anahesabu kila mmoja wao.

Kwenye hema la chakula foleni ilikuwa ya soseji. Nilipokuwa nasitasita, mmoja wa akina mama wa jikoni akaniuliza kitu, mdogo wangu akajibu "nguruwe hali", na kabla sijasema ahsante nilikuwa nimeshikishwa sahani nyingine: tambi fupi zilizopinda, nyama ya ng'ombe ya kusaga, na juu yake uji wa tofaa. Tofaa! Lililosagwa, tamu, juu ya nyama. Nilikula kwa adabu. Kijiko cha tatu nilikula kwa njaa. Nimeshauri lijaribiwe nyumbani kwa plamu zetu za Lushoto na hadi sasa hakuna aliyenisikiliza. Kinywaji chao ni Rivella, soda inayotokana na maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, na hii sitaitetea.

Hapo mezani ndipo mazungumzo yalipokuwa mazito, kwa sababu niliuliza swali la Mtanzania. Kwetu mtu akisema jirani ana bunduki, sauti hushuka. Bunduki ni ya askari au ni ya jambazi, na mwenye kibali halali huificha hata kwa mashemeji zake. Ninyi mnalalaje?

Shemeji hakunijibu kwa majigambo. Alinitajia tarehe: 27 Septemba 2001, mtu mmoja aliingia katika bunge la jimbo la Zug na kuua watu 14, wabunge na mawaziri wa jimbo. Kila Mswisi wa umri wake anajua alikuwa wapi. Zamani kila askari alikaa nyumbani na kopo la risasi za dharura lililofungwa kwa lakiri. Mwaka 2007 serikali iliamua makopo hayo yarudishwe. Mwaka 2011 wananchi walipiga kura kama bunduki zenyewe nazo zirudi kwenye maghala ya jeshi, wakakataa, takriban asilimia 56. Mwaka 2019 wakaulizwa kama waifuate sheria kali zaidi ya Umoja wa Ulaya, vilabu vya shabaha vikapiga kampeni kubwa kuipinga, na wananchi wakaikubali kwa karibu asilimia 64. Yeye alipiga kura upande ulioshindwa mara ya pili. Mdogo wangu, ambaye alikuwa ameshapata uraia, alipiga upande ulioshinda. Walikula chakula cha jioni pamoja siku ile, shemeji alisema, ila hakikuwa na mazungumzo.

Na wao wenyewe wanalijua lile wasilopenda kulisema hemani. Bunduki ya nyumbani Uswisi haimuui sana mwizi. Inamuua mwenye nayo, siku ya huzuni. Jeshi lilipopunguzwa karibu nusu mnamo mwaka 2003 na 2004, watafiti waliona wanaume wa umri wa jeshi wakijiua kwa bunduki wachache zaidi kuliko awali. Mdogo wangu aliyaleta hayo, mimi sikuyauliza. Nyumbani kwao bunduki ya shemeji imo kwenye kabati la chuma la ghorofa ya chini, na bolti yake imo mahali pengine kabisa. Ufunguo wa mahali pengine anao mdogo wangu. Lilikuwa sharti la ndoa, pamoja na kutopikiwa mchele wa dakika tano.

Nilirudi na mawazo mawili ambayo hayajapatana. Sitamani Lushoto ya bunduki kila nyumba. Tunafahamu tulivyo tunapogombania mpaka wa shamba. Lakini nilimwonea wivu mpwa wangu kwa kitu kingine, kwa ile jamii ya watu wazima wanaoacha kazi zao jioni ili kumfundisha mtoto wa jirani kutulia. Mwalimu wa shule, fundi bomba, mkulima mwenye goti bovu. Hawalipwi. Wanamrekebisha kiwiko, wanamsomea daftari, wanamkumbusha kunawa mikono. Sisi tulikuwa na dungu, na mjukuu mmoja kwa zamu. Wajukuu wa siku hizi huwafukuza nguruwe kwa tochi na kelele za makopo, na gobore la babu liliporudishwa polisi alipofariki hakuna aliyeliulizia. Ni sawa. Lakini alichokijua babu hakikurudishwa polisi, na sijui tumekiweka wapi.

Matokeo yalibandikwa ubaoni jioni, majina ya wote, wa kwanza hadi wa mwisho, hakuna anayefichwa. Mzee wa benchi alikuwa juu. Kijana wa mpira wa magongo alikuwa chini, na marafiki zake walikuwa wameshapiga picha. Mpwa wangu alipata 61, baba yake 58. Kwa kawaida ya nyumba yao, aliyeshindwa anasafisha bunduki zote mbili, kwa hiyo tulimwacha shemeji kwenye meza ya kusafishia, mikono myeusi, akivuta kamba ndani ya mtutu huku kila anayepita akimpa pole.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mdogo wetu wa mwisho kutoka kijijini, na nikamweleza tulipo.

"Kwa hiyo huyo binti amepiga risasi kumi na nane?"

"Kumi na nane."

"Ameua nguruwe wangapi?"

"Hakuna nguruwe hapa. Ni shabaha."

"Hata mmoja?" Alinyamaza kidogo. Mahindi yake ya mwaka huu yalikuwa yameliwa robo. "Hebu mpe simu."

Nikampa. Binti akasikiliza, akitabasamu, akajibu kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Shikamoo mjomba. Mwaka huu sitini na moja. Mwakani nataka sitini na tano."

Nilisikia sauti ya ndugu yangu ikitoka kwenye simu hadi nilipokaa. "Sitini na tano nini?"